"Nitume tena?" Somo kutoka kwa mhandisi wa pesa zinazokwama

Ni saa tatu usiku. Kesho mtoto anarudi shule na karo lazima iwe imeingia. Umeandika nambari ya shule, ukaandika 18,000, ukaweka PIN, ukabonyeza tuma. Halafu kimya. Hakuna meseji. Network imepotea, au simu imezunguka weee, kisha ikakuambia ujaribu baadaye. Hapo swali la kwanza ni moja tu: pesa zimeenda au hazijaenda? Na la pili linafuata mbio: nitume tena?

Wenzetu wa huduma kwa wateja hulisikia swali hili mara nyingi, na mara nyingi hulisikia wakati mteja ameshatuma tena. Shule imepokea 36,000, nyumbani hakuna hata ya unga, na sasa ni kungoja zirudishwe. Leo tunataka kulijibu vizuri. Tutaanza na hadithi ya mhandisi wa programu ambaye kazi yake kubwa maishani ilikuwa hilo hilo: kitu kikikatika katikati, ukweli ni upi?

Mhandisi mwenyewe

Aliitwa Jim Gray. Alizaliwa mwaka wa 1944 huko San Francisco, Marekani. Mwaka wa 1969 alikuwa mtu wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Baadaye alifanya kazi IBM, kisha Tandem, kampuni iliyouza kompyuta zilizotengenezwa ziendelee kufanya kazi hata kifaa kimoja kikiharibika, kisha Digital, na mwisho Microsoft. Mwaka wa 1998 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa zaidi katika sayansi ya kompyuta.

Ukisikia mhandisi wa programu, pengine unafikiria kijana anayeandika msimbo haraka haraka. Kazi ya Gray inatuonyesha upande mwingine. Kuandika programu inayofanya kazi umeme ukiwepo na network ikiwa sawa si kazi ngumu sana. Ugumu ni kuuliza, katika kila hatua: stima ikipotea hapa hapa, itakuwaje? Wahandisi wetu hujiuliza hivyo kila siku, na majibu mengi wanayotumia yalipangwa na Gray na wenzake katika miaka ya 1970 na 1980.

Yote, au hapana kabisa

Kutuma pesa ni mambo mawili. Kwanza salio lako linapungua, kisha salio la mwenzako linaongezeka. Mfumo ukizimika katikati ya hayo mawili, pesa zimetoka kwako na hazijafika popote. Hilo haliwezi kukubalika.

Gray alieleza jambo hili kwa mfano wa harusi. Msimamizi anamuuliza bwana harusi kama amekubali. Anamuuliza bibi harusi. Wote wawili wakisema ndiyo, anatangaza ndoa. Mmoja akisema hapana, hakuna ndoa, na kila mtu anarudi kwao jinsi alivyokuja. Ukienda kwa mchungaji, kwa kadhi au kwa msajili wa ndoa ni vile vile: hakuna mtu anayetoka pale akiwa nusu ameoa.

Muamala wa pesa nao hujengwa hivyo. Ama hatua zote zinakamilika, ama zote zinafutika kama vile hazikuanza. Kwa hivyo ukiona kimya kwenye simu, usidhani pesa zinaelea mahali fulani hewani. Kwenye mfumo kuna jibu, au jibu liko njiani. Wewe ndiwe bado hujalisikia.

Andika kwanza, tenda baadaye

Mfumo utajuaje ulikuwa umefika wapi stima ikirudi? Jibu ni la mwenye duka yeyote makini: weka daftari. Kabla ya kubadilisha salio, kompyuta huandika kwenye kumbukumbu ya kudumu kile inachotaka kufanya. Ikizimika na kuwaka tena, jambo la kwanza ni kusoma daftari. Palipokamilika, inahakikisha pamekamilika. Palipoachwa njiani, inarudisha nyuma.

Na kila muamala una nambari yake. Hapa ndipo jibu la swali letu lilipojificha. Kompyuta zetu zikikosa kusikilizana, hujaribu tena, na hakuna hasara kwa sababu zinajaribu kwa nambari ile ile. Mfumo ukiiona mara ya pili unajua: hii nimeshaifanya, nirudishe tu jibu.

Lakini wewe ukianza upya, ukaandika tena nambari ya shule, 18,000 na PIN, hiyo ni nambari mpya. Kwa mfumo, wewe ni mtu anayetaka kulipa mara mbili. Na sisi hatuwezi kukukatalia hivi hivi tu, kwa sababu kuna mzazi mwenye watoto wawili shule moja ambaye anatuma kiasi kile kile mara mbili usiku ule ule, na ana haki yake.

Kwa hivyo kompyuta ikijaribu tena, huwa inauliza swali lile lile. Mtu akijaribu tena, anatoa agizo jipya.

Meseji siyo daftari

Meseji ya uthibitisho ni habari kuhusu muamala, siyo muamala wenyewe. Inapita njia yake, na inaweza kuchelewa au kupotea wakati pesa zimeshafika. Ndiyo maana kukosa meseji hakumaanishi pesa hazijaenda.

Geuza jambo hili upande wa pili na utaona kwa nini linawahusu sana wafanyabiashara. Mteja anakuonyesha simu yake: "Si umeona, nimetuma." Meseji iliyo kwenye simu ya mtu mwingine inaweza kuandikwa na yeyote. Hata inayokuja kwenye simu yako inaweza kuwa ya tapeli aliyeiga maneno yetu. Mama mboga anayetoa gunia la viazi kwa kuangalia meseji peke yake anaweza kujikuta hana viazi na hana pesa. Angalia salio lako, au orodha ya malipo kwenye akaunti yako. Hilo ndilo daftari. Kama halioni, hujalipwa.

Daftari halifutwi

Gray alipenda kurejelea wahasibu. Mhasibu mzuri akikosea hafuti kwa raba. Anaandika mstari mwingine unaorekebisha ule wa kwanza, na yote miwili inabaki pale isomeke. Gray aliona kuwa desturi hiyo ya zamani ina hekima kuliko tabia ya kompyuta ya kuandika juu ya kilichokuwepo.

Hii inaeleza jambo ambalo huwakasirisha wateja. Umetuma kwa nambari isiyo sahihi, unatupigia, unauliza kwa nini tusifute tu. Hatuwezi kufuta. Muamala uliokamilika umekamilika, na aliyepokea naye ana akaunti yake na haki zake. Kinachowezekana ni muamala wa pili unaorudisha pesa, na huo unahitaji ziwe bado zipo pale. Akishazitoa kwa wakala, kazi inakuwa ngumu na ndefu. Kwa hivyo dakika zako tano za kwanza zina thamani kuliko siku tano zinazofuata. Piga simu mara moja.

Makosa ni ya nani?

Mwaka wa 1985, akiwa Tandem, Gray aliandika ripoti kuhusu kwa nini kompyuta husimama. Wengi wangetarajia lawama ziende kwa vifaa vinavyoungua. Kumbe vifaa vilikuwa takriban asilimia 18 tu ya visa alivyochunguza. Programu zilikuwa 25. Sehemu kubwa zaidi, takriban asilimia 42, ilitoka kwa watu: kuendesha mfumo, kuupanga na kuufanyia matengenezo.

Tunalopenda zaidi ni kile alichofanya na matokeo hayo. Hakusema watu ni wazembe. Alisema tupunguze mambo ambayo mtu analazimika kufanya kwa mkono, na yaliyobaki yawe rahisi. Mhandisi anayelaumu mtumiaji ameacha kazi yake katikati.

Tunajaribu kufuata hilo. Ndiyo sababu tunakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Sisi tumeliweka pale, lakini hatuwezi kukusomea. Ukibonyeza ndiyo bila kuangalia jina, tumejenga mlango na wewe umepita dirishani.

Usiku ule, fanya hivi

Turudi kwa karo na simu iliyonyamaza. Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Usitume tena. Weka simu chini kwanza. Kama ni network, tafuta mahali inaposhika.

2. Angalia salio. Kama limepungua kwa 18,000 na ada yake, pesa zimeenda. Kama halijapungua, bado usikimbilie kurudia. Ngoja dakika chache uangalie tena.

3. Fungua orodha ya miamala yako ya karibuni. Ukiuona muamala, andika nambari yake mahali. Hiyo nambari ndiyo shule itakayoitumia kuutafuta.

4. Kama huoni chochote na salio halijabadilika baada ya kungoja, hapo sasa unaweza kutuma upya.

5. Kama salio limepungua na orodha haionyeshi kitu, tupigie. Tuambie kiasi, saa na nambari uliyotumia. Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anatoka kwetu. Sisi hatuihitaji kusoma daftari.

Hatua hizi hazichukui muda mrefu kuliko kungoja pesa zirudi.

Neno kwa kijana anayetaka kazi hii

Tunapata barua kutoka kwa vijana wanaotaka kuwa wahandisi wa malipo, wakiuliza wajifunze lugha gani ya programu. Jifunze yoyote iliyo karibu nawe. Lakini jifunze pia kukaa na swali la "ikikatika hapa?" mpaka upate jibu. Na jifunze kugawana sifa. Mwaka huo huo wa 1985 Gray alikusanya mawazo ya wenzake wengi kuhusu jinsi ya kupima kasi ya mifumo ya miamala. Makala ilipochapishwa, hakuweka jina lake mbele. Mwandishi alitajwa tu kama mtu asiyejulikana na wenzake.

Tarehe 28 Januari 2007 Gray alitoka San Francisco peke yake kwa mashua yake, akielekea visiwa vya Farallon kutawanya majivu ya mama yake. Hakurudi. Walinzi wa pwani walimtafuta, na watu wengi wa kujitolea walipekua picha za satelaiti kwenye kompyuta zao wakitafuta mashua hiyo baharini. Haikuonekana mpaka leo.

Wiki chache baadaye, Machi 2007, M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya, na mtu wa Kisumu akaweza kumtumia mama yake Kitui pesa kwa simu ndogo ya vitufe. Tangu siku hiyo, kila anayebonyeza tuma anategemea ahadi ambayo Gray aliishughulikia miaka mingi: yote, au hapana kabisa.

Ahadi hiyo tunaitunza sisi upande wetu. Upande wako ni mdogo lakini una uzito: simu ikinyamaza, soma salio kwanza kabla ya kidole kurudi kwenye tuma.