Uongozi wa Msimamizi na Kilo za Mchumaji Chai

Chai ilianza kupandwa kibiashara Kericho katika miaka ya 1920, na hadi leo familia nyingi za kaunti hii hutegemea mashamba makubwa kwa mshahara na hata nyumba ya kuishi. Mavuno yanapopungua, watu hutaja mvua, mbolea au bei ya mnada wa Mombasa. Msimamizi hatajwi sana, ingawa yeye ndiye anayeamua kila asubuhi nani atachuma wapi.

Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kiwanda nacho kinataka majani machanga, yaani majani mawili na chipukizi. Msimamizi wa mtindo wa nyapara wa zamani, anayeongoza kwa makelele na vitisho, anaweza kuona mizani ikipanda siku hiyo. Lakini mchumaji mwenye hofu huchuma chochote kinachoshikika, yakiwemo majani magumu na vijiti, kisha hushindilia gunia ili lijae. Majani yaliyoshindiliwa hupata joto na kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani, na chai itokanayo nayo huwa duni. Kilo zilizosifiwa jioni hugeuka hasara kwenye mnada.

Jambo linaloumiza zaidi ni ugawaji wa mistari. Sehemu yenye machipukizi mengi humpa mchumaji kilo nyingi kwa muda mfupi. Iliyochumwa majuzi humchosha bure. Palipo na upendeleo, mistari mizuri huwa zawadi, na wakati mwingine wanawake huitishwa mapenzi ili waipate. Huo si mtindo wa uongozi, ni kosa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inakataza unyanyasaji wa kingono kazini na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuuhusu.

Uongozi shirikishi huonekana katika mambo madogo. Mistari hugawwa kwa zamu inayojulikana na wote, mizani husomwa mbele ya mwenye gunia, na wachumaji huulizwa ni sehemu gani imekomaa. Swali hilo lina faida kubwa kuliko linavyodhaniwa. Wachumaji hurudi katika sehemu ileile kila baada ya siku kadhaa, kwa hiyo wao ndio wa kwanza kuona mahali machipukizi yanapozidi kukomaa. Msimamizi asiyewasikiliza hufika huko majani yakiwa yameshakuwa magumu.

Hata hivyo, amri ina wakati wake. Kericho hupigwa na mvua ya mawe na radi mara kwa mara. Wingu likitanda, hakuna haja ya kikao, watu waondolewe shambani mara moja. Vivyo hivyo kwa dawa za kuua magugu. Naye msimamizi anayekaa kivulini na kuacha kila mtu afanye apendavyo huwaacha wanyonge mikononi mwa wenye nguvu.

Mfanyakazi anayeishi katika nyumba ya shamba akifutwa kazi hupoteza pia makao, na watoto wake huenda wakahama shule. Ndiyo maana wengi hunyamaza. Lakini msimamizi hawezi kumfuta mtu kwa hasira ya asubuhi. Kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Aliyenyimwa nafasi hiyo anaweza kumwona mwakilishi wa chama chake au kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, akiwa na barua aliyopewa pamoja na risiti zake za kilo na mshahara.