Ukiacha Sigara Ukanenepa

Barazani baada ya isha, dele la kahawa linapozunguka, aliyeacha sigara karibuni utamjua kwa mkono wake. Vidole viwili vilivyozoea sigara sasa vimeshika kashata, na ikisha hiyo vinafuata nyingine. Miezi mitatu baadaye kanzu inambana tumboni, na mwenzake anamwambia: rudia tu, sigara itakukondesha. Maneno hayo yanamrudisha mtu kwenye moshi, na yanastahili kujibiwa.

Kunenepa kwenyewe ni kweli. Nikotini huharakisha mwili kuunguza chakula na huziba njaa. Ikiondoka, njaa hurudi na ulimi huanza kuonja tena. Kwa wastani anayeacha huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, nyingi zikija ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Hata hivyo takriban mtu 1 kati ya 6 hupungua. Na kwa walionenepa, moyo bado hupata nafuu kubwa kuliko hasara ya kilo hizo.

Dawa zipo, ila zijue kazi yake. Chingamu na plasta za nikotini, bupropioni na vareniklini ni dawa za kuachia sigara, na zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayezitumia kwa kawaida huongezeka kidogo kuliko asiyetumia. Dozi ikisha, sehemu kubwa ya faida hiyo huondoka, kwa hiyo si dawa za kukondesha. Zinakupa nafasi ya kupambana na sigara kwanza, tumbo baadaye.

Chingamu ya nikotini haitafunwi kama bigijii. Itafune polepole mpaka usikie ukali, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Ukali ukitulia, itafune tena. Sisi watu wa baraza tuwe waangalifu hapa: kahawa huzuia nikotini isipenye mdomoni. Subiri dakika 15 baada ya kikombe cha mwisho.

Bupropioni huandikwa na daktari, na huanzwa wiki 1 au 2 kabla ya siku ya kuacha. Mwenye kifafa asiiguse, kwani huweza kukiamsha. Vidonge vya kukondesha vinavyouzwa mkononi viache kabisa.

Ramadhani inatusaidia kuliko tunavyodhani. Mvutaji anayefunga Wete au Micheweni, kisiwani Pemba, hukaa zaidi ya saa 13 bila sigara, na anaweza. Mtihani uko kwenye futari, ile sigara inayofuata tende. Hapo ndipo pa kuweka nguvu, na chingamu iwe ya usiku.

Kashata ipe mapumziko; tia karafuu moja kavu mdomoni, au kipande cha embe bichi. Usijinyime chakula kupita kiasi, maana mwenye njaa hukumbuka sigara upesi. Tembea kila siku: faida yake kwenye mizani huchelewa, lakini mwaka ukitimia huonekana.

Unapokwenda kumwona daktari, iwe hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, ya Chake Chake au ya Wete, mtajie kila dawa unayotumia. Mwenye kisukari, sukari yake huweza kubadilika miezi ya mwanzo. Mwenye pumu anayemeza aminofilini huenda akahitaji kupunguziwa dozi, kwa kuwa moshi ukikoma dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu zaidi.