SOMO: TUHESABU SAFARI ZA KAZI

Nehemia aliukagua ukuta kwanza, ndipo akawaambia watu wajenge. Nasi tukitaka gati Funzi, twende na hesabu mkononi.

1. Sensa ya 2019 ilihesabu wanaofanya kazi na wanaotafuta. Vitabu vyake ni bure kwenye tovuti ya Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS). Lakini Juzuu la 4 laonyesha Msambweni nzima. Funzi peke yake haionekani.

2. Basi tujihesabu. Kwa siku 7, mkae pwani kwa zamu mwandike: wangapi wanavuka kwenda Bodo, saa ngapi, kazi gani, nauli kiasi gani. Majina msiandike.

3. Kijana mwenye kompyuta atie hesabu kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani. Safari zikiwa nyingi, mstari uwe mnene. Kompyuta hakuna? Karatasi na kalamu za rangi zatosha.

4. Pelekeni ramani kwenye kikao cha bajeti. Mkitaka takwimu zaidi, andikeni barua: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

Mjadiliane: Maji yakipwa, nani hukosa kazi? Zamu ya kwanza ataanza nani?