Somo la Usalama Kazini: Glavu Ipi kwa Sumu Ipi?



Katika darasa letu la jioni ndugu mmoja wa kiwanda cha rangi alituuliza kwa nini tunataka kuzungumza juu ya maabara za vyuo vikuu. Alisema, hiyo ni kazi ya wasomi wenye makoti meupe. Wao wana vitabu, sisi tuna mapipa. Swali lake lilikuwa zuri, na somo hili ndilo jibu letu.

Maabara haiendeshwi na maprofesa peke yao. Kuna anayeosha chupa, kuna anayefagia, kuna anayepokea madebe stoo, kuna anayekwenda kumwaga taka. Hao ni watu wa mshahara kama sisi. Tena kemikali za maabara nyingi ndizo zetu: tindikali, spiriti, dawa za kuua wadudu. Kule zinakaa katika chupa ndogo, kwetu zinafika kwa lori. Lakini sababu kubwa ni hii: mtu akifa maabara, watu huchunguza, hupima na kuandika. Kibarua wa shambani akifa, mara nyingi huambiwa ni malaria, na sababu ya kifo huzikwa pamoja naye. Basi tuwasome wale walioandikwa.

Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire, Marekani. Kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza jinsi metali zenye sumu zinavyoudhuru mwili, yaani hakuwa mgeni wa hatari. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa akihamisha kiasi kidogo cha kimiminika kiitwacho dimethili-zebaki. Alifanya kama ilivyotakiwa wakati ule. Alivaa miwani ya kukinga macho, alivaa glavu za mpira mwembamba, na alifanya kazi ndani ya kabati lenye feni inayovuta mvuke na kuutoa nje. Tone moja, au matone machache, yakaanguka juu ya glavu, mgongoni mwa kiganja. Akasafisha, akavua glavu. Hakusikia maumivu yoyote, wala ngozi haikuungua.

Miezi ikapita. Januari 1997 alianza kuyumba akitembea, na maneno yakawa mazito kinywani. Alipopimwa, zebaki katika damu yake ilikuwa imepita mbali sana kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa sumu. Dawa za kuondoa zebaki mwilini hazikumwokoa. Baada ya wiki chache hakuweza tena kumjibu mtu. Alikufa tarehe 8 Juni 1997, akiwa na miaka 48.

Glavu za aina ile zilipopimwa, ilionekana kwamba kimiminika kile hupenya mpira ule kwa sekunde 15 au chini ya hapo. Glavu inabaki nzima. Haina tundu, haina alama, na aliyeivaa anaamini amekingwa. Wenzake walichapisha onyo kwa wanakemia wote, na mwaka 1998 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini ikatoa tangazo la hatari: anayelazimika kushika sumu hiyo avae glavu za ndani za plastiki ya tabaka kadhaa, na juu yake glavu nene ndefu, na ikiwezekana asiitumie kabisa.

Hapo ndipo somo lilipo. Chekecheke linalozuia kokoto halizuii vumbi. Glavu nayo ni hivyo. Glavu nyembamba za hospitali ni nzuri kwa damu na maji machafu, lakini petroli na dawa za kuyeyushia rangi huzilainisha na kupita. Glavu za nitraili huvumilia mafuta na dawa nyingi za shambani, lakini asetoni hupenya upesi. Glavu za ngozi, ambazo wengi wetu tunazipenda kwa kuwa hazichaniki, na zile za kitambaa, ni mbaya kuliko zote kwa mpiga dawa: zinainywa dawa na kuikalisha kwenye mkono kutwa nzima, na kesho unaivaa tena. Ziko dawa za wadudu zinazoingia mwilini kwa njia ya ngozi bila kuchoma wala kuwasha. Mtu anakuja kujua jioni, akitetemeka, akitoka jasho na mate, macho yameingia kiza.

Kwa hiyo mnyapara akisema “glavu tumewapa,” kazi haijaisha. Zimetengenezwa kwa kitu gani? Kwa dawa ipi? Zinadumu saa ngapi kabla ya kubadilishwa? Majibu hayo yameandikwa katika karatasi ya maelezo ya usalama inayotolewa na mwenye kuuza kemikali. Karatasi hiyo haifai kulala katika kabati la ofisi.

Ajali ya pili ilitokea katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, tarehe 29 Desemba 2008, siku za mapumziko ambapo watu kazini ni wachache. Binti wa miaka 23, aliyeajiriwa miezi michache tu kabla, alikuwa akivuta kwa bomba la sindano la plastiki kimiminika kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Kijiti cha kusukumia kikachomoka, moto ukawaka. Alivaa sweta la nyuzi za kiwandani, ambazo hushika moto na kugandia ngozini. Koti la maabara hakuvaa. Alikufa siku 18 baadaye. Wakaguzi wa chuo chenyewe walikuwa wamepita katika maabara ile Oktoba, wakaona kwamba watu hawavai makoti, lakini jambo hilo halikuwa limerekebishwa siku ya ajali.

Serikali ya jimbo ilitoza chuo faini ya zaidi ya dola 31,000. Mwaka 2011 ikafunguliwa kesi ya jinai, dhidi ya chuo na dhidi ya profesa msimamizi. Kesi hiyo ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2012 na 2014, hakuna aliyefungwa; ila chuo kilifungwa kwa masharti ya kufundisha watu na kuwapa vifaa. Sisi tunaona adhabu ilikuwa nyepesi. Hata hivyo tusimame kidogo hapa, maana watu wengi hupita bila kuona. Sheria iliyotumika ilikuwa sheria ya kazi, na ilitumika kwa sababu binti yule alikuwa akilipwa mshahara. Mwanafunzi asiyelipwa, akisimama penye meza ile ile, akiungua kwa moto ule ule, sheria hiyo isingemhesabu.

Je, kwetu ni nani asiyehesabiwa? Ni kibarua wa siku asiye na jina katika daftari. Ni mama anayekuja kumsaidia mumewe kumaliza kipande chake, na mtoto anayewachotea maji ya kuchanganyia dawa.

Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 1990, unasema mfanyakazi ana haki ya kujua jina na hatari ya kemikali anayoshika, na haki ya kujiondoa akiwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba hatari kubwa iko karibu, bila kuadhibiwa isivyo haki. Nchi ikiuridhia unaibana; na hata pale haujaridhiwa, viongozi wa tawi wanaweza kuudai katika mapatano na mwajiri.

Mwenzetu mmoja aosha vyombo katika maabara ya chuo ambacho hatutakitaja. Alituambia kwamba jozi moja ya glavu anaitumia kwa choo, kwa sakafu na kwa chupa za tindikali, na chupa nyingine zinamfikia zikiwa na kitu ndani, bila kibandiko. Alipouliza ni nini, akajibiwa, “Osha tu.” Tulimshauri asioshe chupa isiyo na jina. Aiweke kando, amwite msimamizi mbele ya shahidi, na aandike tarehe. Wiki ya kwanza walimcheka. Sasa chupa zinakuja na vibandiko, si zote, lakini nyingi. Glavu mpya bado hajapata, na tawi limeandika barua.

Kwa kikao kijacho kila mmoja aje na glavu anazotumia kazini, hata kama zimetoboka, na jina la dawa anayoshika, linakiliwe kutoka kwenye debe lenyewe herufi kwa herufi. Asiye na glavu aje na jina la dawa tu. Tutaziweka mezani, tusome karatasi za maelezo tutakazokuwa tumepata, na tuone ni jozi ngapi zinafaa.