SOMO LA URAIA: JINA LINAINGIAJE KWENYE KARATASI YA KURA?

Katika somo hili tutajifunza jinsi mtu asiye na chama, au mwenye chama kidogo, anavyogombea urais wa Marekani. Mtu aweza kuuliza: Marekani ni mbali, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa kazi yote inategemea saini za watu wa kawaida. Nasi tuliopita kwenye kisomo tunajua saini ni kitu gani. Wengi wetu tulianza kwa kuweka dole gumba.

Kwanza tuielewe karatasi yenyewe. Zamani serikali za majimbo ya Marekani hazikuchapa karatasi za kura. Kila chama kilichapa zake, zenye majina ya watu wake tu, kikawagawia watu. Mpiga kura alikwenda ameshika karatasi ya chama fulani mkononi, na kila aliyesimama pale aliiona. Basi hongo na vitisho vikawa vingi. Mwaka 1888 jimbo la Massachusetts liliamua kwamba serikali ichape karatasi moja yenye majina yote, na mtu apige kura kwa siri. Majimbo mengine yakafuata. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini likaleta swali jipya: kama serikali ndiyo inayochapa, nani ataamua jina gani lichapwe?

Kila jimbo hujiamulia. Marekani ina majimbo 50, na mji mkuu wa Washington nao una sheria yake. Wagombea wa vyama viwili vikubwa, Democratic na Republican, huingia bila taabu, kwa sababu vyama vyao vilipata kura nyingi uchaguzi uliopita. Mgombea binafsi, yaani mtu asiyesimamishwa na chama, hana budi kubisha hodi mlango mmoja mmoja. Ni milango 51.

Ufunguo wa mlango mara nyingi ni saini za wapiga kura. Katika jimbo la Tennessee mgombea binafsi wa urais anatakiwa kuleta saini 275. Kazi ya siku chache. Haya, twende Texas. Huko anatakiwa saini za mtu mmoja katika kila watu mia waliopiga kura ya urais iliyopita. Mwaka 2024 hesabu hiyo ilikuwa saini 113,151. Tena aliyetia saini asiwe amepiga kura ya maoni ya chama chochote mwaka ule. Tena kazi iishe mwezi wa Mei, na uchaguzi wenyewe ni Novemba! Mmoja kwa mia ni kidogo ukisikia. Nenda ukawatafute.

Jimbo la Ohio lilikuwa kali zaidi. Mwaka 1968 chama kipya kilitakiwa saini 433,100, tena mapema, mwezi wa Februari. Vyama viwili vikubwa havikutakiwa saini hata moja. George Wallace alikuwa mtu wa kutaka weusi na weupe watengwe. Chama chake kilikusanya saini zaidi ya 450,000, lakini kikachelewa. Kikaenda mahakamani. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ilisema sheria ile inavipendelea vyama vya zamani, ikaamuru jina la Wallace liandikwe. Sisi siasa yake hatuipendi hata kidogo. Lakini mlango uliobomolewa kwa ajili yake ulifunguka kwa wengine pia. Mwaka 1980 John Anderson alijitenga na chama chake mwezi wa Aprili, akakuta Ohio imefunga mlango tangu tarehe 20 Machi. Mahakama iliagiza jina lake liingie. Mwaka 1983 mahakama ya juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema tarehe ile ilikuwa ya mapema mno.

Na kukusanya saini si mwisho. Wapinzani wana haki ya kuzikagua. Huyu hakujiandikisha, yule ameandika anwani ya zamani, mwingine ametia saini mara mbili. Mwaka 2004 Ralph Nader alipeleka saini zaidi ya 51,000 katika jimbo la Pennsylvania. Zilitakiwa kama 25,700. Baada ya ukaguzi zilizobaki halali hazikufika 19,000. Jina likaondolewa, na mahakama ikamdai gharama za kesi, zaidi ya dola 80,000.

Je, saini zifutwe kabisa? Hapana. Mahakama hiyo ya juu ilikubali mwaka 1971 kwamba jimbo laweza kumtaka mgombea aonyeshe kuwa ana watu nyuma yake. Karatasi yenye majina mia mbili ingemchanganya hata aliyesoma sana. Ubaya tunaouona sisi ni mwingine: wanaotunga sheria hizi katika majimbo karibu wote ni watu wa vyama vile vile viwili. Ni kama mnunuzi wa pamba kushika mizani peke yake.

Hata anayeingia milango yote hana hakika ya kushinda. Mwaka 1992 Ross Perot, tajiri wa Texas, aliingia majimbo yote 50. Alipata kura zaidi ya milioni 19. Lakini Rais huko huchaguliwa na wajumbe 538 wa majimbo, na karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wote. Perot hakuongoza jimbo hata moja. Hakupata mjumbe.

Kwetu Tanzania mgombea urais lazima asimamishwe na chama. Tena atafute wadhamini wasiopungua 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, miwili iwe ya Zanzibar. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, ilisema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Sheria bado haijabadilika. Wenzetu wa Kenya wanamruhusu tangu Katiba ya 2010, akipata wapiga kura 2,000 katika kila kaunti, kwa kaunti 24 kati ya 47.

Maswali ya kundi. Saini za Texas zinazidi za Tennessee kwa ngapi? Mgombea wa Tanzania anahitaji wadhamini wangapi kwa uchache, na wa Kenya wangapi? Mkiwa ninyi ndio watunga sheria, mngetaka saini ngapi, na nani azikague?