Mang'ati au Mdatoga?

SWALI: Nimehamia Dirma, Hanang, kufanya biashara. Wengi huwaita wafugaji wa hapa "Wamang'ati". Mzee mmoja alinuna nilipomwita hivyo. Nimwiteje?

JIBU: Mzee ana haki ya kununa. Mang'ati ni jina walilopewa na Wamasai, nalo maana yake ni adui. Lilikolea wakati wa vita vya kugombea malisho. Katika karne ya 19 Wamasai waliwaondoa Wadatoga katika kreta ya Ngorongoro, ambako hadi leo msitu wa Lerai una kaburi la kiongozi wao wanaloliheshimu. Kumwita mtu kwa neno la aliyemfukuza si jambo dogo, hata kama msemaji hana nia mbaya.

Wao wenyewe ni Wadatoga. Ndani yao kuna makundi, na Wabarabaigi ndio wengi hapo Hanang. Wapo pia Wagisamjanga, Warotigenga na wengine, hivyo usimwite kila Mdatoga Mbarabaigi. Ukienda Singida au Tabora utasikia Wataturu, nalo ni jina walilopewa na majirani vilevile.

 

Uwanda wa Mang'ati ni jina la mahali, litumie bila wasiwasi. Kwa mzee, rudi ukamwamkie shikamoo, kisha umuulize yeye ni wa ukoo gani. Wadatoga hulijibu swali hilo kwa furaha.