Petroli yenye ethanoli: Je, plagi za gari la zamani zibadilishwe?

Mwenye gari la kabureta akipita kwa mafundi wa Dagoretti Corner au maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, huenda akaambiwa kwamba petroli iliyochanganywa na ethanoli inahitaji plagi tofauti. Ushauri huo una chembe ya ukweli, lakini ukifuatwa vibaya huua injini.

Nairobi si mgeni wa mafuta haya. Kuanzia mwaka 1983 petroli ya jijini ilichanganywa na ethanoli ya molasi ya miwa kutoka kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company, Muhoroni. Mchanganyiko huo uliitwa gasoholi. Mpango ulisimama mwaka 1993, ila wazo la kuurejesha limekuwa likijitokeza mara kwa mara katika sera za nishati.

Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Kilo ya ethanoli huhitaji kama 9 tu, kwa kuwa ina oksijeni yake. Gari la kisasa hupima tofauti hiyo na kuongeza mafuta lenyewe. Kabureta haina habari. Hutoa kiasi kile kile, hivyo hewa inazidi na injini inapata joto. Hata hivyo, ethanoli ikiwa asilimia 10, tofauti ni ndogo, na plagi iliyotajwa kwenye kitabu cha gari inatosha.

Balaa huanzia kwingine. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta isiyorekebishwa humwaga mafuta kupita kiasi na plagi hujaa masizi. Fundi mwenye haraka huweka plagi ya moto zaidi, ile inayohifadhi joto ili iunguze masizi, na gari linatulia mjini. Kisha mwenyewe anateremka Mombasa na familia. Kadiri anavyoshuka, hewa inakuwa nzito na mafuta yanapungua kwa uwiano. Kama yana ethanoli, pengo linaongezeka. Plagi ile inawasha mafuta kabla ya wakati, na pistoni inaweza kutoboka njiani. Masizi yalitaka kabureta irekebishwe, si plagi nyingine.

Namba nazo huchanganya wanunuzi. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi: BP6ES ni baridi kuliko BP5ES. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni ya moto zaidi. Anayebadilisha kampuni asilinganishe namba kwa macho. Aombe jedwali la ulinganisho.

Injini ikipoa, plagi ifunguliwe na kauri yake iangaliwe. Kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu ni mafuta mengi. Nyeupe kama chokaa ni dalili ya hewa kuzidi, na hapo fundi aanze na jeti ya kabureta, kisha mipira ya mafuta, kwani mipira ya zamani huharibiwa na ethanoli. Chujio pia likaguliwe, maana ethanoli hubandua uchafu uliokaa kwenye tangi miaka mingi, na chujio likiziba kauri huwa nyeupe vilevile.